Siku za Kupona: Urembo wa Kukatwa na Uuguzi wa Kidonda katika Historia ya Kitui na Makueni

Upasuaji wa urembo, yaani kuukata mwili usio na ugonjwa ili upate umbo linalopendwa na jamii, huzungumzwa nchini Kenya kana kwamba ulianzia katika kliniki za Nairobi, ilhali katika nchi ya Wakamba, ambayo leo imegawanywa hasa katika kaunti za Kitui, Makueni na Machakos, watu walikuwa wakichonga meno, wakichanja ngozi na kutoboa masikio muda mrefu kabla ya daktari wa kwanza wa Kizungu kupanda kutoka pwani. Kinachotofautisha desturi hizo na upasuaji wa leo si chuma kilichotumika wala ujasiri wa aliyekatwa, bali ni mahali ambapo jamii iliweka uzito wake. Kukata kulikuwa kazi ya muda mfupi iliyokabidhiwa fundi mmoja, lakini kupona, hasa katika jando, kulikuwa na wasimamizi, miiko, majira na wageni wake. Kisu kilipohamia hospitalini katika karne ya 20, uangalizi huo haukuhama pamoja nacho, na pengo lililobaki ndilo linalomkabili hadi leo mtu anayerudi nyumbani Mwingi au Wote akiwa na nyuzi mwilini.

Maandishi ya zamani kuhusu Ukambani yameeleza mengi juu ya kisu na machache juu ya kidonda. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara, na ambaye aliuona Mlima Kenya akiwa huko tarehe 3 Desemba, alishughulika zaidi na njia za bara na roho za watu. Johann Maria Hildebrandt, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alifika Kitui mwaka 1877 na mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake kuhusu mila za Wakamba na majirani zao. Charles Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu chake mwaka 1910, naye Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyefanya utafiti huko mwaka 1911 na 1912, akaandika kazi pana kuliko zote, ambayo toleo lake kamili lilitoka mwaka 1920. Ukimwondoa Lindblom, wengi wa waandishi hao walikuwa watu wa kupita, na mpita njia huiona siku ya kukatwa kwa kuwa siku hiyo ina umati na ngoma, lakini siku ya kumi, wakati kidonda kinawasha na mgonjwa amechoka kulala upande mmoja, yeye ameshavunja kambi. Si ajabu, basi, kwamba mwandishi aliyezitaja wiki za kupona na watu waliokuja kumtazama aliyekatwa ni John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliutumia unyago wa Wakamba kuwa mfano mkuu.

Katika desturi zote za urembo zilizohitaji kuumia, iliyowatambulisha Wakamba mbali zaidi na kwao ilikuwa ya kuchonga meno. Meno ya mbele ya taya la juu yalipunguzwa pande zake mpaka yakawa na ncha, na mara nyingine meno mawili ya katikati katika taya la chini yaling'olewa, hivi kwamba Mkamba aliyefika Mombasa na msafara wa pembe za ndovu alitambulikana mara tu alipocheka. Fundi hakuyasugua meno kwa tupa, kama maelezo mengi ya haraka yanavyodai, bali aliyabanjua kidogo kidogo kwa patasi ndogo ya chuma na kitu cha kugongea, kazi iliyodai mkono mtulivu, maana pigo moja lililokosea lingeweza kupasua jino hadi kwenye mzizi. Wahunzi wa Ukambani walisifika kwa minyororo myembamba na mishale yao, na ni rahisi kuona jinsi ustadi huo ulivyozaa vyombo vidogo vya kutosha kuingia kinywani.

Ili kuelewa alichopitia kijana baada ya hapo, ni lazima kueleza jinsi jino lilivyojengwa. Tabaka la nje, liitwalo enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini halina seli hai, na kwa hiyo likishabanjuliwa halioti tena wala halifanyi kovu. Chini yake kuna dentini, tabaka lenye vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Enameli ikiondolewa, vijitundu vile hubaki wazi, na upepo wa asubuhi, maji ya baridi au asali hufika karibu na mshipa wa fahamu na kuleta maumivu makali ya ghafla. Mwili hujibu kwa kujenga polepole dentini mpya upande wa ndani, kama ukuta wa pili, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla ya ganzi ya meno kupungua. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana, kwa kuwa kiini cha jino la kijana bado ni kipana na kiko karibu na uso wa jino. Patasi ikikigusa, kiini hufa, jino hugeuka rangi, na baada ya miezi au miaka jipu hujitokeza kwenye ufizi. Bila shaka wako waliopata urembo pamoja na jipu, lakini urembo ndio ulioandikwa.

Vyakula vya Ukambani vyenyewe vinaonyesha ugumu wa siku hizo. Isyo, mchanganyiko wa mahindi na kunde au maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa ganda, ni vyakula vya kutafunwa kwa bidii, na aliyetoka kubanjuliwa meno hangeweza kuvishughulikia kwa raha. Kilichobaki ni usuu, uji wa mawele, mtama au wimbi, ulionywewa ukiwa vuguvugu katika kibuyu. Kwa waliong'olewa meno ya chini, donge la damu lililoganda katika shimo la jino ndilo lililokuwa dawa ya kwanza, kwani likitoka mapema mfupa hubaki wazi na maumivu huongezeka. Ufizi hufunga baada ya wiki mbili au tatu, na mfupa huendelea kujaza shimo kwa miezi kadhaa. Baadaye meno yalisafishwa kwa vijiti vya mswaki, hasa vya mti ambao Wakamba huuita mukayau, ulio mswaki uleule unaouzwa katika masoko ya Waislamu kutoka Lamu hadi Muscat.

Uchanjaji wa ngozi ulikuwa na mantiki tofauti, kwa sababu hapo kovu lenyewe ndilo lililokuwa pambo. Fundi alitaka kidonda kipone, ila kipone kwa kuinuka, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki majivu au masizi yaliyopakwa ndani ya chanjo yalichelewesha kufunga kwa ngozi na kuliimarisha kovu. Leo daktari huogopa kile kile alichokitafuta fundi. Kovu linaloinuka na kuvuka mipaka ya kidonda kilicholizaa huitwa keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hupenda kujitokeza kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio. Jamii iliyochanja ngozi ilikuwa imejifunza, bila maabara, kwamba mwili wa binadamu hauponi sawasawa kila mahali, na kwamba mtu mmoja hutoa kovu jembamba wakati ndugu yake wa tumbo moja hutoa uvimbe. Masikio yaliyotobolewa yalihitaji kijiti kilichoachwa ndani ili tundu lisizibe, nacho kilipaswa kugeuzwa na kupakwa mafuta, na mafuta yaliyopatikana kwa wingi yalikuwa ya mbariki, ambayo yalichanganywa pia na udongo mwekundu kwa kujipaka mwilini.

Hata hivyo, mpango wa kupona ulionekana kwa ukamilifu wake katika nzaiko, yaani jando na unyago wa Wakamba, ingawa si sahihi kuuita urembo pekee, kwa kuwa ulimfanya mtoto kuwa mtu wa jamii. Nzaiko ilikuwa na ngazi. Katika ya kwanza, iliyoitwa nzaiko ndogo, watoto wa miaka minne hadi saba hivi walikusanywa alfajiri, wakakatwa na mtaalamu aitwaye mwaiki, mwanamume kwa wavulana na mwanamke kwa wasichana. Ngazi ya pili, nzaiko kubwa, ilikuja miaka kadhaa baadaye, na ilikuwa ya mafunzo zaidi kuliko ya kisu: vijana walikaa siku kadhaa katika vibanda vilivyojengwa nje ya makazi, wakajifunza nyimbo, wakafumbua mafumbo yaliyochorwa kwenye fimbo, na kukabiliana na mbusya, kifaru wa kutengenezwa ambaye mngurumo wake ulikusudiwa kuwatisha. Walioingia waliitwa asingi, na watu wazima waliowasimamia waliitwa avwikii, kazi ambayo Mbiti aliilinganisha na ya kuku anayeatamia mayai.

Majira yalichaguliwa kwa hesabu. Kwa mujibu wa Mbiti, ukataji ulifanyika kati ya Agosti na Oktoba, wakati wa ukavu na ubaridi kiasi, na mtu anayeijua nchi hiyo ataona mara moja ubora wa uamuzi huo. Mavuno ya mvua za Machi hadi Mei huwa yameshaingia ghalani, mvua fupi za kupandia bado hazijafika, matope ni machache na nzi hupungua, na jambo kubwa kuliko hayo ni kwamba mikono ya watu wazima iko huru. Mtoto alitakiwa kuvumilia kisu bila kulia, na aliyevumilia alisifiwa hadharani. Wiki zilizofuata, kidonda kilipokuwa kikifunga, jamaa walikuja kumtazama na zawadi, kuku, mapambo, fedha, hata kondoo au ng'ombe kwa waliojaliwa, na kwa namna hiyo kipindi ambacho mtoto angekiona cha maumivu matupu kikawa cha kuhesabu mali yake ya kwanza. Wazazi nao walifungwa na masharti ya mwenendo katika siku hizo, ikiwa ni pamoja na masharti ya ndoa ambayo Lindblom aliyaeleza kwa kirefu, na iliaminika kwamba uvunjaji wake ungemdhuru mtoto. Mtu wa leo anaweza kuyaona masharti hayo kuwa ushirikina, lakini athari yake ya kila siku ilikuwa dhahiri: baba na mama hawakuweza kuondoka wala kujisahau mpaka kidonda kipone.

Haitakuwa haki kuyasifu haya bila kusema kwamba kisu hicho kiliwaumiza wasichana kwa namna ambayo uangalizi wowote haukuweza kuifidia. Ukeketaji huleta damu nyingi, maambukizi na matatizo ya uzazi, na hakuna kupona kunakorudisha kilichoondolewa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliukataza kwa watoto, na sheria mahususi ya mwaka 2011 ikaupiga marufuku kwa watu wote nchini.

Misheni zilikuja kabla ya serikali kuenea. Mwaka 1891 James Stewart, aliyekuwa mkuu wa Lovedale huko Afrika Kusini, aliongoza kikundi cha Waskoti kilichofungua kituo Kibwezi, katika Makueni ya leo, na kituo hicho kilikuwa na daktari. Malaria na magonjwa mengine yaliwaandama, na mwaka 1898 kikahamishiwa Kikuyu. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianza kazi Nzaui, pia katika Makueni, mwezi Desemba 1895, akafariki mwaka mmoja baadaye, na Walutheri wa Kijerumani walifungua vituo Ikutha na Mulango upande wa Kitui katika muongo huohuo. Wamisionari walipinga ngoma na pombe ya nzaiko kuliko walivyopinga tohara ya wavulana yenyewe, wakaona ni afadhali mvulana akatwe na mhudumu mwenye chombo kilichochemshwa. Meno yaliyochongwa hayakuhitaji kukatazwa sana. Shule, mshahara na kazi za mjini vilibadili macho ya vijana, na kufikia katikati ya karne ya 20 meno ya ncha yalikuwa alama ya wazee.

Faida ya hospitali haina ubishi: chombo safi, dawa ya kutia ganzi, na baadaye antibiotiki viliokoa maisha ambayo mwaiki asingeyaokoa. Lakini wodi iligawanya kazi ambayo zamani ilikuwa moja. Mhudumu alikata, akafunga, akatoa tarehe ya kurudi, na kila kitu kilichobaki kati ya tarehe hizo mbili kikawa shauri la nyumbani, bila avwikii, bila msimu uliochaguliwa, na bila sharti la kumzuia baba asirudi kazini Mombasa kesho yake.

Upasuaji wa kurekebisha umbo, kwa maana ya kitaalamu ya kisasa, uliingia Afrika Mashariki kwa ndege. Michael Wood, daktari Mwingereza aliyejifunza fani hiyo kwa Archibald McIndoe, mtu aliyewatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha mwaka 1957, pamoja na McIndoe na Thomas Rees wa New York, huduma ya madaktari warukao ambayo ilikuja kuitwa AMREF. Wagonjwa wao hawakuwa watu wa kutafuta urembo, bali watoto wenye midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, watu walioungua moto hadi viungo vikajikunja, na waliojeruhiwa na wanyama. Ndege ilitua, madaktari wakafanya kazi, kisha ikaruka, na anayesoma historia hiyo hawezi kukosa kuona kwamba shida ya msafiri wa karne ya 19 imejirudia kwa sura njema: aliyekata hakuwepo siku ya kumi. AMREF yenyewe ilitambua upungufu wa aina hiyo, na mradi wake wa afya ya vijijini Kibwezi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ulitegemea wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanavijiji wenzao, watu waliobaki pale pale ndege inapoondoka.

Anayefanyiwa upasuaji wa urembo leo, iwe ni kupunguza matiti, kukaza tumbo baada ya uzazi au kuondoa keloidi sikioni, kwa kawaida hufanyiwa Nairobi na kupona Ukambani, na mwili wake hufuata ratiba isiyojali mahali alipo. Uvimbe huongezeka kwa siku mbili au tatu za kwanza kabla ya kuanza kushuka, na wengi hujiona wabaya kuliko walivyokuwa, jambo linalowatia hofu wasioambiwa mapema. Mara nyingine mrija mwembamba huachwa ndani kwa siku kadhaa ili kutoa majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za kiwiliwili baada ya wiki mbili hivi, na kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi, likiwa jekundu au jeusi na gumu kabla ya kulainika. Jua kali huliacha na weusi usioondoka upesi, na kwa hiyo hufunikwa kwa nguo. Homa, usaha au maumivu yanayozidi baada ya kupungua ni dalili za maambukizi, na mguu mmoja uliovimba au pumzi inayokata ghafla inaweza kuonyesha damu iliyoganda na kusafiri hadi mapafuni, hatari ambayo kukaa saa kadhaa kwenye basi la kwenda Kitui bila kunyoosha miguu huiongeza. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na kuinyima ngozi chakula chake, na onyo hilo huhusu nikotini yenyewe, hivyo bibi anayevuta ugoro hayuko salama kwa sababu tu hatoi moshi.

Maagizo yote hayo yanaweza kufuatwa Kitui na Makueni, isipokuwa moja linaloonekana jepesi kuliko yote kwenye karatasi: mgonjwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki nne hadi sita. Katika maboma mengi ya nchi hiyo maji ya kiangazi hutoka kwenye mashimo yanayochimbwa katika mchanga wa mito mikavu kama Tiva, Thua na Kaiti, na mwanamke huyabeba mgongoni katika mtungi wa plastiki wa lita 20, uzito wake ukivutwa na mukwa, yaani mkanda wa ngozi unaopita kichwani. Mzigo huo hukaza misuli ya tumbo katika kila hatua ya kupanda ukingo wa mto, na mshono wa tumbo uliokaa siku kumi hauwezi kuustahimili. Karatasi ya hospitali haisemi ni nani atakayekwenda mtoni. Mpango wa MakueniCare, ulioanzishwa mwaka 2016 wakati wa gavana Kivutha Kibwana kwa mchango wa shilingi 500 kwa kila kaya kwa mwaka, ulilipia matibabu ya hospitalini na ukasifiwa kwa haki, lakini saa za mtu wa kumchotea mgonjwa maji hazikuwa, wala hazingeweza kuwa, katika hesabu yake.

Saa hizo hutoka kwa binti anayekosa shule, kwa dada aliyeitwa kutoka kwa mumewe, au kwa mwethya, kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu ambacho wanawake wa Ukambani wamekitumia kwa muda mrefu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kulimiana mashamba. Mwethya hauoni shida kumlimia aliyejifungua au aliyevunjika mguu; aliyekatwa kwa hiari yake ili apendeze ni shauri jingine, na wengine huficha sababu ya upasuaji na kwa hiyo hukosa msaada ambao wangepewa. Hapo ndipo tofauti na nzaiko inapoonekana wazi, kwa kuwa asingi walikatwa kwa jambo lililotakiwa na kila mtu na hivyo waliangaliwa na kila mtu. Tena tarehe ya kisu sasa hupangwa na likizo ya kazini, akiba iliyopatikana na foleni ya kliniki, na aliyepangiwa mwezi wa Novemba hurudi nyumbani mvua fupi zikiwa zimeshika, mahindi na kunde vimeshaota, na kila mwenye jembe yuko shambani akipalilia.